Tisini na Nane

Saa tisa za usiku, Ulaanbaatar. Nje
baridi imeshuka nyuzi thelathini na saba chini ya sifuri,
na kila mlango wa dharura unapofunguka
ukungu huingia kwanza, mgonjwa hufuata.

Kabla yao nilikuwa na dereva aliyevunjika nyonga kwenye barafu,
mlevi mwenye vidole vyeupe kama mishumaa,
na bibi mmoja aliyekuja, nadhani, kuota moto wa taa zetu.
Sikuwa nimekaa tangu magharibi.

Wakaingia watatu: Tserendulam, mama mtu,
na bintiye Nomin, na Temuge wa miaka saba
aliyetapika juu ya viatu vyangu, kisha akaniomba radhi
kwa adabu ya mtu mzima.
Kichwa, walisema. Kichwa kinagonga. Miguu imekuwa uji.
Nikauliza homa. Hapana. Kikohozi? Kidogo.
Mmekula nini? Supu ya kondoo, ya jana.
Nikawabana kidoleni kile kibanio chenye taa nyekundu:
tisini na nane. Tisini na nane. Tisini na tisa.
Oksijeni ya kutosha kumgawia jirani.

Nikaandika: mafua ya msimu.
Nikaandika: parasetamoli, maji mengi, wakapumzike nyumbani.
Lisome tena neno hilo la mwisho.
Niliandika kwa mwandiko mzuri.

Muuguzi Dulamjav, miaka thelathini na moja ya zamu za usiku,
hakusema nimekosea. Hajawahi kumwambia daktari amekosea.
Alichuchumaa tu mbele ya mtoto, akamfuta kidevu,
akamuuliza nani amebaki kwenu.
"Shangazi. Amelala. Na paka,
ila paka amekataa kuamka."

Kifuniko cha kalamu yangu kikadondoka.
Nilikisikia kikibiringika mpaka chini ya kitanda cha nne.

Mafua hayaui paka.
Hema moja, sufi tabaka tatu, mlango umezibwa kwa blanketi,
jiko katikati, makaa ya mawe yamefunikwa majivu
ili moto ufike asubuhi.
Kikulacho ki nguoni mwako; hiki kilikuwa jikoni,
na hakibishi hodi, hakina rangi, hakinuki.
Kinakalia kiti cha oksijeni ndani ya damu,
na kibanio changu, bwege, kinahesabu viti vilivyojaa,
hakiulizi nani amekaa.

Vitabu vinasema midomo huwa myekundu kama tunda.
Midomo yao ilikuwa midomo.

Nikachoma mshipa penye kifundo cha mkono,
mashine ya damu ikatema karatasi:
mama ishirini na nane kwa mia, Nomin kumi na tisa,
mtoto ishirini na mbili.
Barakoa tatu. Mitungi ikafunguliwa mpaka mwisho.
Dulamjav akishika simu, akilielekeza gari la wagonjwa
mtaa, kilima, lango la bluu lenye tairi juu yake:
"Pigeni teke mlango kwanza. Kuita mtaita baadaye."

Temuge alipumua kwa bidii, kama aliyepewa mtihani.
Nomin akalala, mara hii usingizi wa kweli;
nilimwamsha mara mbili kuhakikisha, akanitukana, nikafurahi.
Tserendulam akainua barakoa kidogo:
"Jiko watalizima?"
Watalizima, nikasema.
"Na kesho usiku?"

Nimefundishwa dozi ya moyo unaokwenda mbio,
dozi ya mtoto kwa kila kilo.
Nikarudisha barakoa mahali pake, nikakaza ugwe
nyuma ya sikio, polepole kuliko ilivyohitajika.

Ile karatasi ya kwanza niliikunja mara nne.
Imo mfukoni hadi leo, inafuliwa pamoja na koti.

Kisha magurudumu nje, sauti za watu wanaokimbia,
na mlango.
Ukungu ukaingia kwanza.
Tukauendea.